Hatua Nilizozibeba Msibani

Hatua zile za msiba nilizipeleka jukwaani mimi. Kwa miaka minne nimekana, tena kwa ufasaha ambao chuo kikuu kilichonisomesha kingejivunia.

Ukumbi wetu wa dansi ya kisasa ni ghala la zamani la tumbaku huko Pajulu, kwenye ardhi ya ukoo wa mama yangu. Mjomba, mwanajeshi mstaafu, alituruhusu tulitumie. Tulisugua sakafu, tukafunga taa nne, tukapata wachezaji saba. Mimi, nisiyejua kucheza hata harusini, niliandika michezo.

Mama yangu mdogo alipofariki, wanawake wa ukoo walicheza ngoma ambayo huchezwa maiti ikiwa bado nyumbani, na kwa mtu wao tu. Nilikaa nyuma ya jiko na daftari, nikaandika kila hatua. Kisha nikamfundisha mchezaji wetu bora, binti kutoka Koboko, ambaye tulikwenda naye kuzika. Aliniuliza kama wenye ngoma wameruhusu. Nikamwambia ndiyo.

Siku ya onyesho wanawake wa Pajulu walinyanyuka wote, wakatoka kimya. Kwao, kuicheza ngoma ile bila maiti ni kumwita mtu afe. Mjomba akauliza nani ameileta. Nikasema sijui, nikaongeza, kama mtafiti makini, kwamba binti alikuwepo msibani.

Alikatazwa kukanyaga Pajulu. Alirudi Koboko kushona nguo, na hakunitaja kwa mtu.

Mwaka huu wachezaji wamebaki watatu, na bila yeye tutafunga. Nilimwomba arudi. Alifika asubuhi, akakaa nje ya lango na mkoba mapajani.

"Dada, mimi siingii kwa uongo wako mara ya pili," alisema. "Mwambie mzee, ama nirudi na gari ya saa nane."

Nilimpigia mjomba palepale, binti akisikiliza, nikaeleza yote: daftari, ruhusa niliyoitunga, jinsi nilivyomsukumia lawama. Mjomba akasema atawauliza wanawake.

Tulingoja. Saa sita, saa saba. Nilijaribu mzaha, haukupokelewa. Saa nane kasorobo binti alisimama, akakung'uta sketi, akaanza kutembea kuelekea barabarani. Nilikuwa namfuata nyuma simu ilipolia.

Mjomba alitumia Kiswahili chake cha jeshini, anachokitoa akitaka kuamuru.

"Wamama wamekaa kikao. Huyo mutoto hana kesi. Aingie."

Nilianza kushukuru.

"Ngoja. Ile ngoma yetu itoke huko. Na wewe, Jumapili kuja hapa. Mwenye iko na kesi ni wewe."

Nikauliza, kwa upole, kesi yenyewe itachukua muda gani.

"Wewe ulichukua miaka nne," alisema, akakata simu.