Kahawa Iliyofika Ubongoni

Jamani, mnicheke polepole. Mi nafagia maabara moja hapa Gitega. Dokta Yvonne anampa panya dawa ya usingizi, halafu kamrija kembamba kaliko kichwani mwa panya kanavuta matone ya maji ya humo, aone dawa imefikaje kwenye ubongo. Juzi nilimkuta panya amelegea kabisa. Huruma ikanishika. Kwetu Muyinga aliyelegea hupewa kahawa ya tangawizi. Nikamnywesha kidogo, akachangamka.

Jana Dokta akatuita wote, amekunja uso.

"Kwenye matone kuna kahawa! Aliyeniharibia kazi nikimjua, anarudi kwao leo leo!"

Mi niliposikia kahawa sikusikia tena mengine. Nikaruka kwa furaha: "Eh, Dokta! Kumbe kahawa yetu inafika mpaka ubongoni?"

Wote wakanigeukia. Dokta akaniuliza:

"Yetu wewe na nani, mdogo wangu?"