Neno "Wote" Katika Kitabu cha Njiwa

Nilipomaliza masomo ya jioni nikiwa na miaka arobaini na saba, cheti changu nilikitundika sebuleni kwetu Brooklyn Park, huku ughaibuni, ndani ya fremu kubwa kuliko televisheni. Wanangu walisema hata marubani wanakisoma wakipita juu. Kazini habari zilifika pia. Mimi ni mhudumu katika nyumba ya wazee kwenye mji wa jirani wa Plymouth, na wiki hiyohiyo msimamizi wetu aliniambia, "Wewe msomi, utakuwa unaandika kumbukumbu za baraza la wakazi."

Baraza lilikuwa wazee kumi na mmoja, waliokutana kila Alhamisi baada ya kifungua kinywa. Kikao changu cha kwanza kilihusu aiskrimu ya Jumapili. Msimamizi aliuliza kama vanila inafaa, wachache wakaitikia kwa kichwa, nami nikaandika kama nilivyozoea kwenye kamati za kanisa, pale ambapo mtu akishasema "basi tumekubaliana" watu tayari wameinuka kwa sala ya kufunga. Niliandika, nikasoma kwa sauti: wote wamekubali.

"Futa," ikasema sauti kutoka kwenye kiti cha magurudumu.

Alikuwa bibi Mjerumani wa miaka tisini na nane, mwembamba kiasi kwamba upepo wa feni ungeweza kumfikisha Blaine, mji wa tatu kutoka hapo. Nilimwita Nyanya. Yeye aliniita Bwana Katibu.

"Nyanya, si unapenda vanila?"

"Naipenda sana."

"Sasa?"

"Andika mmoja amekataa."

Baadaye alikataa mapazia mapya. Alikataa hata kuahirisha kikao siku theluji ilipofika kwenye paa, au karibu na paa. Niliuona ni ukaidi wa uzee tu, mpaka asubuhi moja nilipomuuliza huku nikimvalisha soksi zile za kubana miguu, ambazo kuzipandisha ni kazi ya wanaume sita.

"Baba yangu alikuwa katibu kama wewe," alisema. "Chama cha wafugaji wa njiwa wa mashindano."

Wakati huo alikuwa mtoto wa miaka sita hivi. Mengi alikuja kusimuliwa na babake. Serikali mpya ilikuwa imeshapiga marufuku vyama vingine vya siasa, imeshafunga vyama vya wafanyakazi na magazeti yaliyobishana nayo. Katika mji wao mdogo hakuna askari aliyebisha hodi ukumbini. Ilikuja barua, fupi na yenye adabu, kwa kila kikundi: kwaya, wazima moto, wacheza mpira, wapenda njiwa. Mwenyekiti asipigiwe kura tena, ateuliwe kutoka juu. Vikao vifunguliwe kwa salamu ya kumtukuza kiongozi wa nchi. Na Wayahudi waondolewe. Wafuga njiwa walikuwa na Myahudi mmoja, fundi viatu, aliyemfundisha babake Nyanya kutibu bawa lililovunjika.

"Ukumbi ulikuwa baridi," Nyanya aliniambia. "Watu walitaka kwenda kula. Mwenyekiti mpya aliuliza kama kuna mwenye neno. Kimya. Baba akaandika wote wamekubali. Alirudi nyumbani akamwambia mama, ah, ni mambo ya njiwa tu."

Soksi ilinibaki mkononi. Mimi nilijua udikteta unaingia kwa vifaru na ving'ora. Ndivyo nilivyoandika kwenye mtihani, na alama nikapewa. Kumbe uliweza kupita katikati ya wafuga njiwa wenye njaa, ukageuza mji mzima kabla kioo hakijavunjika. Vioo vya maduka ya Wayahudi vilivunjwa baadaye, alisema, na kufikia siku hiyo hakikuwapo kikundi hata kimoja ambamo mtu angesimama na kuuliza kwa nini.

"Na wewe, Nyanya?"

"Nilipofika miaka kumi nilipewa sare ya kikundi cha watoto cha serikali. Tuliimba tukipanda mlima. Nilifurahi, usinifanye malaika. Binti wa fundi viatu nilimpita njiani kama napita mti."

Familia ile ilichukuliwa na haikurudi. Baada ya vita kila mfuga njiwa alimwapia babake Nyanya kwamba moyoni alikuwa amekataa. Naye aliwafungulia kitabu, akawaonyesha neno "wote" kwa mwandiko wake mwenyewe.

Nilimaliza mguu wa pili bila utani, na kwangu huo ni muujiza.

Wiki chache baadaye barazani lilikuja suala la mzee mmoja, tarishi mstaafu ambaye kumbukumbu zilikuwa zimemtoka. Aliimba akila, na mara mojamoja alirusha kijiko. Hakuwa na mgeni hata mmoja. Meza ya chakula ndiyo ilikuwa watu wake. Pendekezo lilikuwa ale peke yake chumbani, kuanzia siku hiyo. Kwa kanuni ya baraza, kumtoa mtu mezani kulihitaji wote wakubali.

Msimamizi alisoma haraka. "Kuna mwenye neno? Hakuna. Andika wote."

Nilimtazama Nyanya. Dawa ya kikohozi ilikuwa imemlaza, kidevu kifuani.

Nawaambia ukweli, kalamu ile ilikuwa na uzito wa gunia la mahindi. Msimamizi ndiye anayenipangia shifti. Nikasema, "Nyanya hajajibu."

"Amelala, bwana. Andika tu."

"Basi nitaandika kumi, na mmoja amelala."

"Hivyo pendekezo halitapita."

"Najua."

Kisha bibi mmoja, mwalimu wa zamani aliyekuwa akikaa mezani mkabala na yule tarishi na kulalamikia nyimbo zake kila siku, akainua kidole. "Mimi pia sikujibu. Niliulizwa kama nina neno, nikanyamaza. Kunyamaza si kujibu." Mwingine akasema hata yeye. Msimamizi akaanza upya, safari hii kwa mikono, mmoja mmoja, na iliyoinuka kukubali ilikuwa mitano.

Mitano! Wale ambao dakika moja kabla walikuwa wote.

Nyanya hakuamka mpaka saa sita. Mezani, tarishi alikuwa ameshaanza kuimba juu ya supu yake, na yule mwalimu akimwambia ashushe sauti kidogo.