Kopo Langu, Kopo la Wifi

Mimi ni mtu wa kuhoji. Chuoni niliwahoji wahadhiri mpaka wengine wakawa hawanitazami tena nikinyoosha mkono. Nikiwa nyumbani Ruangwa namhoji mama kwa nini chumvi inaingia mwisho, na fundi baiskeli kwa nini anagonga kabla ya kufungua. Kitu kimoja tu sikuwahi kukihoji: maneno yanayotoka kinywani mwangu.

Hilo nililigundua kijijini Naipingo, nilikopelekwa na utafiti wa dawa za presha. Dawa zilikuwa mbili, ya kawaida na mpya, ila vidonge vilifanana na makopo yalifanana. Kazi yangu ilikuwa kuwaeleza watu mambo yote kabla hawajakubali kushiriki.

Katika ua mmoja niliwakuta mawifi wawili. Mkubwa alikuwa mjane, mdogo alikuwa mke wa kaka yake. Walilima ufuta pamoja na kula sahani moja. Nikawatolea mhadhara. Nikasema upangaji wa makundi ni wa kinasibu, mshiriki hajui yumo kundi gani, na hata mimi sijui. Hilo la mwisho nikalirudia ili unyoofu wangu uwaingie.

"Wewe uliyezileta hujui?" akauliza wifi mkubwa.

"Sijui, mama. Ndiyo uzuri wa utafiti."

Wakatazamana.

"Mmeelewa?"

"Tumeelewa, daktari."

Mimi si daktari, lakini jua lilikuwa kali na sikuona haja ya kubishana. Tena kwetu, mgeni aliyekuja kwa bodaboda akaongea mpaka jasho likamtoka, nani atamwambia hajaeleweka? Nimekulia mumo humo, nalijua hilo. Bado nikaandika kwamba wameelewa.

Kila nilipokwenda kuhesabu vidonge vilivyobaki, hesabu ilitimia. Nikawasifia kwa wenzangu kana kwamba niliwazaa mimi.

Msimu wa kuokota korosho, wifi mkubwa akaanguka shambani. Nilimkuta zahanati, amelala, midomo imekauka, presha imeshuka vibaya. Daktari wa utafiti alikuwa kwenye simu. Alitaka kujua mgonjwa amekuwa akimeza kopo lipi, ili afungue siri ya dawa iliyomo na kuamua la kufanya.

"Mama, ulikuwa unameza za kopo lako?"

"Za langu."

Nikashusha pumzi.

"Leo langu, kesho la wifi," akamalizia.

Wifi mdogo, aliyekuwa akimpepea kwa kanga, akaingilia. "Tulikuwa tunapokezana. Ulisema mwenyewe hujui nani kapata ipi. Sasa mmoja apate nzuri, mwenzie akose, na sahani tunakula moja?"

Kwenye simu daktari akaniuliza, "Uliwaeleza vizuri?"

"Walisema wameelewa."

Muuguzi akageukia dirishani. Mabega yake yalikuwa yanacheka.

Daktari akafungua siri ya makopo yote mawili, akawasimamishia wote vidonge vya utafiti. Mgonjwa akatundikiwa dripu. Nilikaa kwenye benchi nje nikiwa sina swali hata moja, jambo ambalo mama yangu asingeliamini. Jioni presha ikaanza kupanda, mgonjwa akaomba uji, kisha akalalamika kwamba hauna sukari. Hapo ndipo nikaweza kula.

Siku chache baadaye wakaanzishiwa dawa za kawaida, kila mmoja kipimo chake. Wa kuwaeleza, kwa bahati yao mbaya, nilikuwa mimi tena.

"Kwa kuzingatia kwamba kila mwili una mwitikio wake..."

"Mwanangu," wifi mkubwa akanikata, "ongea kama unamtuma mtu dukani."

Nikaweka kopo moja mbele yake, jingine mbele ya wifi yake.

"Hili ni lako. Lile la wifi. Ukimeza za kwake unaweza kuanguka tena."

"Hata zangu zikiisha?"

"Hata zikiisha. Njoo zahanati."

"Na wifi akiniomba?"

"Mnyime."

Wakaangua kicheko wote wawili. Kumnyima wifi, jamani!

"Na wali?"

"Wali kuleni sahani moja."

"Haya." Wifi mkubwa akachomoa uzi kwenye pindo la kanga yake, akaufunga kwenye shingo ya kopo lake lisichanganyike, akavuta kuhakikisha umekaza. Kisha akanitazama. "Na siku ile maneno haya uliyaacha wapi? Ruangwa?"