Bomba Linalopinda Pale Feri

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa sururu, nikaambiwa nichimbe mtaro pale Feri, kuelekea Magogoni. Shule niliishia la tatu, lakini sururu haiulizi cheti. Nilitoka Kariakoo kwa miguu, natafuna muhogo wa kuchoma. Muhogo wa siku zile ulikuwa muhogo, ila tuyaache hayo.

Kazi ya bomba ilikuwa hivi: mtaro unafuata kamba, bomba linafuata mtaro, na nyapara, mkubwa wa genge, anawafuata wote kwa matusi. Nyapara wetu alikuwa Mnyamwezi. Mchana sururu yangu ikagonga mawe ya matumbawe yaliyopangwa duara. Kisima. Nikatupa kokoto, ikachelewa, halafu chubwi. Nikatupa nyingine.

"Fukia, tuendelee," nyapara akasema.

Akaja Bibi mmoja mkaanga samaki, Mzaramo, akaketi ukingoni.

"Shikamoo, Bibi. Pisha tufukie," nyapara akamwambia.

"Marahaba. Wazee wangu wamekunywa hapa Mzizima ikiwa mji wenyewe, hiyo Dar es Salaam yenu haijazaliwa."

"Mji wenu ulishamezwa, mtani."

"Umemezwa, haukutafunwa. Haya, fukia, na mimi nimo. Mnyamwezi si ndiye mchimba kaburi langu?"

Genge zima tukacheka. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na mtani hakasirikiwi. Hata msibani huziba njia mpaka apewe anachotaka. Nyapara akajikuna kisogo.

"Unataka nini?"

"Mfuniko tu. Kisibaki wazi, kisizibwe."

Basi nyapara akaagiza elbo, vile viungo vya kupindishia bomba. Tukakizunguka kisima, juu tukakiwekea mfuniko wa chuma.

Kesho yake akaja Injinia, Mchaga.

"Hili bomba limepindia nini?"

"Mtani alikaa njiani, mzee."

"Kwetu angekuwa Mpare tungemmwagia zege." Hata hivyo akafunua, akainama, akatupa kokoto. Akasikiliza. Akatupa nyingine. "Funikeni," akasema, "ila vizuri."

Nimezika mabomba mengi toka siku hiyo, na sehemu nyingine siikumbuki hata mtaa. Sasa nimestaafu, na Feri naenda kununua samaki tu. Bibi alishatangulia. Mjukuu wake ndiye anayekaanga hapohapo, jioni anarudi Magomeni kulala. Juzi nikamwuliza, mama, hasa kwenu ni wapi? Aligeuza samaki wake, kisha akainama, akagonga ule mfuniko kwa mwiko.