Minazi Mitatu ya Kota Namba Saba

Miaka ile hifadhi ya bahari ilikuwa imeshaweka maboya ya mipaka majini, kwa hiyo hatukushangaa sana wilaya ilipotutangazia kwamba na kota za watumishi pale Kilindoni, kisiwani Mafia, zinapata mwenye nyumba mpya, wakala fulani kutoka Dar es Salaam. Mimi, mwalimu wa kuja kutoka bara, nilichotaka kujua ni kama paa litazibwa.

Tulipewa fomu tuorodheshe kilichomo uani. Wenzangu waliandika mstari mmoja wakaenda zao. Mimi nikaandika vyumba vitatu, choo, tangi bovu, minazi mitatu. Nikatia saini na kujiona mtu wa maana.

Minazi ile ilikuwa ya bibi mmoja jirani. Mafia kiwanja kinaweza kuwa cha huyu na mnazi uliomo ukawa wa yule. Babu yake aliipanda, serikali ikaja kuchukua kiwanja, minazi ikabaki yao. Hilo nililijua fika. Miaka sita alikuwa akiingia na mkwezi wake bila kubisha, ananiachia madafu mawili mlangoni, nami nayanywa. Lakini mbele ya fomu nilifikiri kibara: kilichomo uani ni cha nyumba.

Watu wa wakala wakaja wakapaka namba mlangoni, kwenye tangi na kwenye kila mnazi. Bibi alipoiona ile rangi akauliza nani kawaambia. Nikasema ni mimi. Hakugomba, na afadhali angegomba.

Nikaenda ofisini kwao kusahihisha. Wakanijibu kwa adabu kabisa kwamba mwenye minazi alete hati. Hati hana. Karatasi pekee iliyowahi kuitaja minazi ile ni yangu, yenye saini yangu. Kwa sasa, wakasema, anaweza kuendelea kuangua kwa ruhusa ya mpangaji.

Msimu uliofuata nikasikia hodi. Bibi alikuwa amesimama nje ya ua, mkwezi nyuma yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniomba ruhusa. Nikamwambia aingie, minazi ni yake. Hakusogea mpaka niliposema nimemruhusu. Niliona aibu ambayo sijaisahau.

Mkwezi alipomaliza, bibi alizirundika nazi zote mlangoni kwangu, akasimama kando ya rundo.

"Haya mwalimu," akasema, "mimi nichukue ngapi?"