Stabu za Gari la Crispus

Mwaka wa sitini na nane, karakana ya serikali pale Mokowe ilikuwa na fundi mmoja tu, Nicodemus, mtu wa Bungoma, mrefu, mpole, asiyejibu swali kabla hajafuta mikono. Karakana yenyewe ilikuwa bati juu ya nguzo za mikoko, na gari lililobaki zima lilikuwa moja: landrova iliyopeleka dawa Kiunga na vijiji vya njiani. Dereva alikuwa yeye huyo huyo Nicodemus.

Landrova ikaanza kunguruma upande wa mbele kushoto. Akaiinua kwa jeki, akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Likacheza kama jino bovu. Alipofungua alikuta mchanga na maji ya chumvi vimeigeuza grisi kuwa uji mweusi. Beringi zilikuwa zimemomonyoka, na stabu, kile chuma kinene ambacho beringi hukalia na gurudumu hukizunguka, imelika hadi kuwa na mfereji wa kuingia ukucha. Upande wa kulia haukuwa na nafuu.

Beringi mpya alikuwa nazo kabatini. Stabu hakuwa nazo, na Mombasa walimwambia asubiri mpaka mvua zipite. Huko Kiunga dawa zilikuwa zimekwisha.

"Stabu ziko," alisema Jamaludin, mhunzi wa mji wa Amu, kisiwani, ambaye alivuka maji mara kwa mara kumsaidia kazi za moto na nyundo. "Wazijua ziliko. Hutaki kuzitaja tu."

Nicodemus akaendelea kufuta mikono ingawa ilikwisha kutakata.

Zilikuwa mbele ya kijiji cha Hindi, msituni, kwenye gari la Crispus. Crispus alikuwa dereva, Mtaita, aliyekaa chumba kimoja na Nicodemus kabla hajaoa. Gari likiwaka alianza kupiga mluzi, wimbo ule ule, mpaka azime injini. Wakati wa vita vya shifta gari lake, landrova vilevile, lilimiminiwa risasi likaacha njia, likagota kwenye mti. Nicodemus ndiye aliyemtoa nyuma ya usukani. Tangu hapo, kila akipita, aliangalia upande wa pili.

Walipanda lori la mbao asubuhi, wakashukia pale. Mitambaazi ilikuwa imeingia kwa dirisha moja na kutokea kwa jingine, na kiti cha dereva kimeota majani. Jamaludin alisema bismillahi, akaanza kufyeka. Nicodemus alilala chali mchangani, macho yake hayaachi nati na bolti. Nje kulikuwa na kutu tupu. Lakini alipovuta habu, kitovu cha gurudumu, grisi ya ndani ilikuwa bado ya manjano, safi, na ndani yake alama za vidole. Ni yeye mwenyewe aliyeipaka. Asubuhi ya siku ile ya risasi Crispus alikuwa amesimama juu yake akimhimiza amalize.

"Una nini?" Jamaludin akauliza.

"Hakuna. Nipe spana."

Kazi ya kuzifunga haikuwa ngumu. Alisafisha stabu kwa mafuta ya taa, akapachika beringi mpya, akazishindilia grisi kwa kiganja mpaka ikatokea upande wa pili. Akakaza nati huku akizungusha gurudumu, kisha akailegeza kidogo, gurudumu lipate kupumua. Likazunguka kimya. Alifurahi, kama fundi yeyote afurahiavyo.

Safari ya kwanza alimpakia Bi Nana, mama wa Kiamu aliyerudi karibuni baada ya miaka mingi Mombasa, akienda Kiunga kumwona bintiye aliyejifungua. Alikaa mbele, kifurushi mapajani. Walipita Hindi adhuhuri, jua kali, barabara nyeupe. Walipoingia msituni Nicodemus alisikia mluzi. Ulikuwa humo garini, chini kidogo ya sauti ya injini. Alijiambia ni beringi mpya. Alijiambia ni upepo kwenye turubai.

Bi Nana akageuka nyuma. Hapakuwa na kitu ila masanduku ya dawa.

"Bwana," akasema, "ni nani huyu apijao mbinja?"

Nicodemus akakanyaga mafuta, na walipovuka ile sehemu mluzi ukakatika. Bi Nana alikuwa amekwisha toa tasbihi. Kiunga, aliposhuka, alimwambia taratibu, "Hini ndia ina mtu, Bwana. Msomeeni dua."

Maneno hayo, kwamba njia ina mtu, yalifika Mokowe kabla ya wiki kwisha. Rosebella, mjane wa Crispus, alikuwa bado hapo akifua nguo za maofisa. Hakurudi Taita kwa sababu kaburi lilikuwa Mokowe. Alikuja karakanani, mikono bado ina povu.

"Shemeji, nipeleke."

"Rosebella, maneno ya watu haya."

"Nipeleke tu."

Akampeleka. Alikaa kwenye kiti kile kile cha abiria, leso ameikunja mkononi. Walipoingia msituni mluzi ukaanza, wazi kuliko mara ya kwanza. Nicodemus akasimamisha gari bila kuzima injini, akamtazama. Rosebella alikuwa ameinamisha kichwa, amekaza uso kama mtu anayetafuta sindano gizani. Machozi yakamtoka.

"Sisikii kitu," akasema. "Mimi mkewe, sisikii kitu. Wewe je?"

Nicodemus angeweza kusema hapana. Lingekuwa neno fupi, na wangegeuza gari.

"Nasikia," akasema.

"Anapiga wimbo gani?"

Hakuwa mtu wa kuimba. Alijaribu kuufuata kwa mdomo, akivuma kama mtoto, kila alichokisikia akimpa. Rosebella akamsikiliza yeye. Walipofika mahali fulani pa wimbo akamshika mkono.

"Hapo. Rudia hapo."

Akarudia.

"Ni wimbo wa kwaya ya kwao," Rosebella akasema, akicheka na kulia pamoja. "Hapo sauti hupanda. Yeye aliishusha siku zote. Nilimrekebisha mpaka nikachoka." Akafuta uso. "Basi ni yeye. Mwambie nimemsikia kwako. Mwambie naenda kwetu, mama amezeeka."

"Nimwambie vipi?"

"Kwa mdomo, Shemeji."

Nicodemus akakaza mikono kwenye usukani, akayasema maneno yale kwa sauti, akitazama mbele. Mluzi haukukoma wala haukubadilika. Uliendelea mpaka walipogeuza gari, ukabaki nyuma.

Rosebella aliondoka Mokowe mwezi ule. Baada ya mvua, stabu mpya zikaja kutoka Mombasa, na mkubwa akaamuru zifungwe. Nicodemus alizifunga peke yake, polepole. Kisha akaendesha mpaka mbele ya Hindi, adhuhuri, akasimama. Akangoja injini ikiwaka. Akaizima, akangoja tena. Mluzi haukuja: nyenze walilia majanini, na tawi likakwaruza bati la gari lililolala kule ndani.

"Crispus," aliita, mara moja tu.

Alikaa mpaka kivuli cha miti kilipovuka barabara. Halafu akawasha gari akarudi Mokowe, ambako lori la mbao lilikuwa likimngojea, springi imevunjika.