Nilivyomlilia Babu Jacques

Wenzangu pale saluni mjini wameshacheka mpaka wamechoka, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu: mimi Espérance, mtu mzima na akili zangu, nilijitupa chini mbele ya ukoo mzima wa wakwe zangu, nikamlilia mtu aliyekufa kabla babu ya babu yangu hajazaliwa.

Mume wangu Riaan ni Kaburu, mzaliwa wa hapa hapa Johannesburg, mtu mpole, hana neno. Mama yake ndiye aliyenipigia simu. "Jumamosi tunamkumbuka babu Jacques," akasema. "Maskini, aliteseka sana, alikimbia bila kitu. Kutakuwa na maua na sala, halafu majina ya watoto wa ukoo yataandikwa ukutani." Mimi hapo nilisikia mawili tu, msiba na jina la binti yangu Amani, maana (nisiwafiche) Oom Gert, baba mkubwa wa Riaan na ndiye msemaji wa ukoo, alishatangaza kwamba wanaoandikwa ni watoto wa ndoa za kanisani, na sisi ndoa yetu tuliifunga serikalini, na neno lile lilikuwa limenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa ningemuuliza Riaan huyo babu amekufa lini, yote haya yasingetokea. Sikuuliza. Kwetu Uvira mkwe haulizi, mkwe analia, tena anaanzia mlangoni, maana ukiingia kwenye kilio na macho makavu watakusema mpaka wajukuu zako wasikie. Riaan alikuwa ametangulia kupanga viti. Nikajifunga kikwembe cheusi, nikamvika Amani nguo nyeusi, nikabeba sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu (kwenye kilio huendi mikono mitupu), na tuliposimama kwenye robot ya mwisho, kama wanavyoziita huku taa za barabarani, nikamkumbuka marehemu baba yangu ili machozi yaje. Yakaja.

Mlango wa ukumbi niliusukuma kwa kiuno. "Babu wee, babu Jacques, umetuachia nani?" Nikatua sufuria, nikajitupa sakafuni mbele ya picha ya mzee iliyozungukwa na maua (ile kola yake pana ningeitazama vizuri ningeshtuka mapema), nikagaragara kama mkwe mwenye heshima zake, lakini nikaona mbona hakuna anayeitikia, maana kwetu ukianza tu wanawake wanakupokea na kilio kinapanda. Nikainua jicho moja. Watu wamekaa na vikombe vya chai mkononi, Oom Gert kasimama na fimbo anaonyesha ramani ya Ufaransa.

Riaan akaja mbio, akachuchumaa. "Espé, alikufa zamani."

"Zamani lini?"

"Zaidi ya miaka mia tatu."

Kumbe babu Jacques ndiye wa kwanza wa ukoo wao kufika nchi hii, mmoja wa wale Wahugenoti, Waprotestanti wa Ufaransa walioteswa na mfalme wao kwa ajili ya dini, na siku ile walikuwa wanasherehekea kwamba wameufuata ukoo nyuma mpaka kwenye kijiji alichotoka. Sherehe, jamani. Hata keki ilikuwepo.

Kicheko kilianzia nyuma, kikazunguka ukumbi wote, nami pale chini nikatamani sakafu inimeze. Ningenyamaza, nawaapia, ningenyanyua sombe yangu niende zangu. Lakini Oom Gert akamwambia Riaan, juu ya kichwa changu kana kwamba sipo, "Mshukuru mama huyu, ila huu ni mkutano wa familia."

Hapo machozi yalikauka. Nikasimama, nikakaza kikwembe.

"Oom, huyu babu alifika nchi ya watu, hana kitu, hajui lugha yao. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi alikuwa mkimbizi. Mimi pia ni mkimbizi. Humu ndani, miaka yote hiyo, nani mwingine amewahi kumlilia?"

Nikaenda kwenye mti wa ukoo waliouchora ukutani, nikaliona jina la Riaan na chini yake patupu, nikachukua kalamu ya wino mezani nikaandika AMANI, herufi kubwa.

"Kwa ruhusa ya nani?" Oom Gert akauliza.

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa mwekundu usoni, amekiinamia kikombe chake, nikajua hapa naachwa peke yangu.

"Gert," akasema bila kuinua macho, "kaa chini."

Akakaa.

Basi nimekoma. Siku hizi nikiambiwa tunamkumbuka fulani, nauliza kwanza alikufa lini, na kilio changu nakiweka mpaka nione jeneza. Aibu ninayo na nitazeeka nayo. Ila ule wino haufutiki, na atakayetaka jina la mwanangu litoke pale, aje na nyundo abomoe ukuta.